Mzee Aliyewaandika Makauboi

Mwaka ninaousema ni ule unga wa mahindi ulipopanda bei, hata watu waliozaliwa na pap, ugali wa huku, mdomoni wakawa wanakula mkate asubuhi, mkate mchana, na jioni mkate na polony, ile soseji nene ya bei rahisi. Waliokuwa Johannesburg wakati ule wanaujua. Juzi nilipita Turffontein, nikanunua mkate na polony kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikakaa juu ya kreti la soda nikala. Tonge la kwanza tu likanirudisha kwenye kile chumba nilichopanga na mjukuu wangu, ukuta mmoja na mzee jirani.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa za huku, akanioa kwetu, na nchi yao ilipofunguka akanileta kwao na mabegi mawili. Mungu akamchukua mapema. Nikabaki nikikaanga maandazi, nikiwauzia watunza farasi wa uwanja wa mbio. Binti yangu alifanya kazi za ndani na kulala huko huko kwa matajiri wake, kwa hiyo mtoto wake, wa miaka tisa, alikuwa wangu. Alfajiri tulisikia kwato uwanjani. Jumamosi kipaza sauti kilitaja farasi mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Na ukutani nilisikia mashine. Ka-ka-ka, kimya, ka-ka. Nikajua jirani ni fundi cherehani. Sketi ya shule ya mjukuu ilikuwa imefumuka pindo, nikaibeba nikapiga hodi. Akafungua mzee mwembamba, miwani imefungwa plasta, akaitazama sketi, akanitazama mimi. Mjukuu akaeleza kwa Kizulu. Mzee akatupisha ndani tuione hiyo cherehani: ilikuwa mashine ya kuchapa. Nilitaka kukimbia kwa aibu. Yeye akatafuta sindano, akakaa, akaishona sketi kwa mkono, mishono mikubwa kama ya gunia.

Akaniita Gogo. Huku gogo ni bibi, tena kwa heshima, lakini nilipofika mara ya kwanza nilinuna wiki nzima nikidhani watu wananiita gogo la mti. Mimi nikamwita Mkhulu, yaani babu, kama wanavyosema kwao.

Mkhulu alizaliwa Alexandra, mtaa wa watu weusi hapa hapa Johannesburg, na Jumamosi zote za utoto wake ziliishia kwenye ukumbi wa sinema akiwatazama makauboi. Ujanani serikali ya wakati ule ikamtafuta, akatoroka, akafika Italia, akawa anaosha vyombo kwenye mgahawa. Wakati huo Waitalia walikuwa wanatoa picha za kauboi kama mimi ninavyotoa maandazi kwenye karai, na mtengenezaji mmoja alikuwa mteja pale. Mkhulu akamsimulia hadithi huku amebeba sahani chafu. Ndiyo kazi ikaanza. Aliandika picha kumi na moja. Jina lake halikuwekwa hata kwenye moja. Walibuni jina la Kimarekani, maana nani angeamini kauboi aliyetungwa na mtu wa Alexandra? Na farasi hakuwahi kumpanda hata mmoja. Aliwaogopa. Nchi ilipofunguka akarudi, akaja kukaa karibu na uwanja ili awasikie bila kulazimika kuwagusa.

Siku zile alikuwa anaandika ya kumi na mbili. Ofisi moja ya filamu kule Marshalltown ilimwambia ailete, na yeye alisema hiyo ndiyo itakayobeba jina lake halisi. Mchana tulikwenda kwake. Mjukuu alisoma kurasa za Kiingereza akinigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mimi nakanda unga na kusema ninachokiona. Huyu mtu kapanda farasi siku tatu, kala nini? Mkhulu akamwongezea sufuria ya maharage. Na shati jeupe namna hiyo kwenye vumbi lote lile, nani kamfulia? Akaongeza mwanamke mfuaji, mkali wa maneno. Mjukuu akasema, Bibi, huyo ni wewe. Nikasema kama ni mimi, basi apewe bunduki. Akapewa.

Siku moja nikamsimulia utoto wangu. Sinema ilipokuja Morogoro sisi watoto tulikaa chini, mbele kabisa, shingo zinauma, tukipiga kelele: nyuma yako, steringi, nyuma yako! Mkhulu akauliza ilikuwa picha ipi. Nikasema ilikuwa na farasi. Jina sikulijua, ila nilijua kama kila mtoto alivyojua kwamba steringi hafi. Apigwe, atupwe korongoni, aachwe jangwani na ndege wanamzunguka, hafi.

Mjukuu, mtoto wa huku, alijua steringi ya gari tu. Akatafsiri hivyo hivyo. Mkhulu akakunja uso. Usukani haufi? Akauliza farasi ana usukani gani. Tukabishana mpaka mafuta yakataka kuungua, nami nikaonyesha kwa mikono: yule mkuu, mwenye kofia, anayempata msichana mwishoni. Ndipo akaelewa. Akasema hilo ni neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye tangazo la sinema kabla ya jina la mchezaji mkuu, na sisi tumelifanya cheo. Alicheka hata miwani ikamwangukia kwenye unga.

Akaipangusa, akauliza, "Na aliyeandika, mlimwitaje?"

Nikamwambia ukweli. Hatukumwita. Tulidhani steringi anasema ya kichwani mwake mwenyewe. Mkhulu akasema hajawahi kusifiwa hivyo.

Baridi ilipoingia, mguu wake ukaharibika. Alikuwa na kisukari, kidonda kikakataa kupona, na daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti la sivyo sumu itapanda imwue. Mkhulu akakataa. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwombea kwa sauti ili asikie. Akawa anazungumzia hali ya hewa.

Jumatatu moja akatuita. Akamwambia mjukuu: kazi imekwisha, bahasha iko mezani, naomba Gogo anipelekee Marshalltown kwa kuwa mimi sitembei. Nikasema kwanza mtoto asome mwisho. Mjukuu akasoma. Kauboi amezeeka, ana risasi mguuni, amemfungua farasi wake aende zake, amekaa chini ya mwamba anangoja. Mtoto akaishia hapo.

"Bibi, steringi anakufa."

Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini ukurasa ule niliuelewa kuliko msomaji wake. Nikamtazama mzee, nikautazama mguu wake juu ya kiti.

"Mimi sikubali," nikasema. "Steringi hafi."

Nikamwagiza mjukuu atafsiri bila kupunguza. Mkhulu akajibu taratibu, "Eish, Gogo. Hata mtu wa sinema huchoka."

Nikasema akichoka akae, apewe kiti na maharage. Kufa ni habari nyingine. Bahasha nikaiacha pale pale. Siku tatu sikuigusa, ingawa chakula nilimpelekea, pamoja na maandazi yasiyo na sukari aliyoyaita adhabu.

Siku ya nne mashine ikalia ukutani, asubuhi hadi mchana. Mwisho mpya ulikuwa hivi: yule mfuaji anamlaza kauboi mezani, anamkata mguu, kauboi analalamika toka mwanzo hadi mwisho, na asubuhi anasukumwa matakoni ili apande farasi. Tulicheka, mtoto akashindwa kusoma. Kisha Mkhulu akamwambia, muulize Gogo kama kesho ana nafasi anisindikize hospitali.

Alikatwa, akarudi analalamikia uji wa wodini. Bahasha nikaipeleka. Wakashukuru sana, wakaiweka kabatini, na picha haikutengenezwa. Lakini mzee aliishi miaka mitano zaidi, na mjukuu akajifunza kuchapa kwa vidole vyote.

Leo chumba chake ni saluni ya Wakongo, na wanasuka vizuri, siwasemi vibaya. Ila ukuta uko kimya. Sinema za kukaa chini zimekwisha. Watoto wanatazama simu kila mtu peke yake, na steringi akivamiwa kwa nyuma hakuna wa kumpigia kelele. Mjukuu wangu anaandikia tamthilia za televisheni. Jina lake linapita mwishoni, haraka, na mimi huwa nagonga kioo kwa kidole ili wageni walione.

Wiki iliyopita alikuja na kompyuta yake. Anaandika maisha ya Mkhulu, kurasa zote ziko isipokuwa ya mwisho. Ile asubuhi yake ya mwisho hospitalini mimi ndiye niliyekuwa naye, peke yangu, na sijamwambia mtu alisema nini wala alinishikaje mkono. Mjukuu akaniamkia vizuri, akanimiminia chai, akasema wenye kazi wanataka mwisho.

Nikasema aweke pale kauboi anaposukumwa matakoni.

"Lakini Bibi, alikufa. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi sikubali," nikasema. "Steringi hafi."