Nyayo Zangu Zilivyong'aa Mbele ya Jopo

Hii habari nimeificha miaka mingi kwa aibu, lakini kwa kuwa mmeniuliza nilivyobaki kwenye utafiti wa joto la majengo, basi sikilizeni, mtacheka nikimaliza.

Ilikuwa Durban, miaka ya tisini ikielekea mwisho, Februari ile ya jasho, nami ni mwanafunzi kutoka Kenya ninayechunguza kwa nini nyumba za mtaa wa Cato Manor zinageuka tanuri mchana. Siku hiyo nilikuwa nieleze kazi yangu mbele ya jopo ambalo lingeamua kama naendelea au nafunga virago. Tulikuwa tumeazima kamera inayoona joto (enzi hizo ilikuwa kubwa kama cherehani, tukaibeba kama mtoto mchanga), na Mulumba, Mkongo niliyesoma naye, akaielekeza mbele ya ukumbi na kuiunganisha na televisheni.

Watu wanaketi, nikakumbuka kwamba kipimajoto changu kimebaki juu ya paa.

"Dada Njeri, acha," Mulumba akasema. "Hata bila hiyo, iko sawa."

Sikumsikia. Kule juu lami ilikuwa imelainika kwa jua, viatu vikanasa, nikavuta, nikaanguka kwa makalio (ndiyo, na sketi niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo), nikaviacha viatu hukohuko, nikanyakua kipimajoto, nikashuka mbio pekupeku, nyayo zinaniungua, nikapita mbele ya jopo kwa heshima zote na kugeukia ubao niandike mada yangu.

Nyuma yangu nikasikia viti vikisogezwa.

"Dada," Mulumba akanong'ona, "usigeuke. Ao geuza shingo tu, angalia TV."

Nikageuza shingo. Kwenye skrini sakafu ilikuwa nyeusi, na juu yake nyayo zangu zote, kutoka mlangoni hadi niliposimama, kila kidole kikimeremeta kama kimewashwa taa. Mwisho wa nyayo nilikuwa mimi mwenyewe, nimewapa watu mgongo, na lami iliyoganda kwenye sketi inang'aa kuliko kitu chochote mle ndani.

Nilitamani sakafu inimeze, na bado sikuweza kuondoa macho. Joto nilikuwa nalijua kwa tarakimu na michoro tu, na sasa naliona limeshuka nami kutoka paani, limetembea, na nyayo za mlangoni zinafifia taratibu, vidole kwanza, kisha kisigino.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa Kizulu mwenye mvi ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, akavua viatu, akakanyaga sakafu, akasimama kidogo, akasogea pembeni.

"Huu ni wangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni wako, Mama," nikamjibu.

Akautazama unyayo wake mpaka ukapotea. Halafu profesa wa pembeni akaanza kufungua kamba za viatu, na mwingine, na hotuba yangu sikuitoa kabisa.

Walinipitisha. Ila niliapa, na nimeshika kiapo: sisimami mbele ya watu kabla mtu ninayemwamini hajanikagua nyuma.