Kola Iliyokataa Kupungua

Mimi ni mshona nguo wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi. Zamani, kampuni ya migodi ilipokuwa bado inawagawia wafanyakazi unga na mafuta, nilinenepa hadi kiti cha cherehani yangu kikavunjika mara mbili. Nilicheka tu. Kwetu mke mnene ni sifa ya mumewe, na mume wangu, tata Ilunga, alijivunia hasa mikunjo ya shingo yangu. Kola zikinibana, nilizipanua.

Kisha kampuni ikaanguka. Mishahara ikakoma, tukawa tunakula ugali na sombe, majani ya muhogo, mara moja kwa siku. Nikakonda. Magauni yangu niliyapunguza kiunoni vidole vinne, halafu sita. Siku moja nikataka kupunguza na kola. Nikazungusha utepe shingoni: kipimo kilekile cha zamani! Nikapima tena. Mwili wote ulikuwa umeisha, shingo imebaki. Nikapapasa chini ya koo, nikakuta kitu kigumu. Nikaangusha utepe.

Nilificha wiki tatu kwa woga. Ugali ukaanza kukwama kooni, sauti ikakwaruza.

“Mama, twende kwa munganga,” alisema tata Ilunga. “Mi niko naogopa.”

Daktari tuliyemjua alikuwa Mkasai, na siku hizo watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Kolwezi, wakiambiwa ni wageni wanaokula kazi za wenyeji. Alikuwa amenyang'anywa nyumba, analala stesheni na mkewe wakingoja treni. Huyo mke nilimshonea magauni miaka mingi. Walipofukuzwa, sikufungua mdomo. Sasa nilikuwa nakwenda kwao kuomba uhai.

Stesheni ilinuka moshi na kuhara, watoto wanakohoa kila upande. Tulimkuta daktari ameketi juu ya furushi. Aliponiangalia, nikawa na hakika atanifukuza. Akanawa mikono kwa maji yao machache ya kunywa.

“Meza mate, mama.”

Nikameza.

“Tena.”

Kile kitu kigumu kilipanda na kushuka chini ya kidole chake.

“Haiko mafuta hii. Uende Lubumbashi, bakupasule. Usingoye.”

“Mi nitakufa, dokta?”

“Kama unangoya, ndiyo.”

Akaniandikia barua kwenye kipande cha mfuko wa unga. Mkewe alinishika mkono. Nikalia.

Lubumbashi walinipasua. Ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Nilipozinduka nina mrija kooni na sauti hakuna, nilidhani nimekufa. Miaka mingi baadaye daktari mwingine alinieleza kwamba unene huongeza hatari ya saratani hiyo, ingawa si wanene wote wanaougua, na wembamba nao huipata. Kwangu mimi mafuta yalifanya na kosa la pili: yaliuficha uvimbe.

Leo nameza kidonge kila asubuhi, badala ya tezi waliyoiondoa. Sauti imebaki nzito, kwaya imenihamishia upande wa wanaume. Namshukuru Mungu, na tata Ilunga. Daktari yule sikumshukuru. Niliporudi, treni yao ilikuwa imekwisha kuondoka, na sijui kama walifika.

Dada zangu, msisifie mikunjo ya shingo. Simameni mbele ya kioo, inueni kidevu, mmeze, mwangalie. Mkiona kitu, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na anayekuja kwangu kushonewa gauni, mnene au mwembamba, kabla sijaandika kipimo cha kola naweka kidole pale alipoweka chake yule mtu tuliyemfukuza, nasema: “Meza mate, mama. Tena.”