Wimbo Uliobeba Jina la Mkwe

Tupokigwe alizaliwa na wimbo mdomoni. Mama yake, kule Rungwe, alipenda kuwaambia wageni kwamba mtoto huyu hakulia kama watoto wa wenzake. Alishika sauti ya kwanza akamwachia mkunga sauti ya pili. Uongo mtupu, uongo wa mama anayempenda mwanawe, lakini aliyewahi kumsikia binti huyo kwenye kwaya hakuwa na hamu ya kubisha. Akipalilia anaimba, akiosha vyombo anaimba, akikasirika ndiyo kabisa. Ukimkuta kanyamaza, jua ana homa.

Basi mwaka ule wa hamsini na tano akaolewa na Asukile, dereva wa lori, akaja kukaa Mbeya, chini ya mlima Loleza, kwenye kiwanja cha baba mkwe wake. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Maana kwa Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, hali naye, hakutani naye njiani. Akimwona anakuja, anajifunika khanga kichwani na kuingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Na jina lake, ndugu yangu, hilo halitamkwi abadani, wala neno linalofanana nalo. Mchungaji alishasema kanisani kwamba mambo hayo Wakristo wanaweza kuyapunguza. Watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakaendelea kujificha kwenye migomba. Mke akilitamka jina la mkwe, hata kwa kuteleza ulimi, amemtukana. Anafungiwa mzigo wake arudi kwao, akae huko mpaka baba yake amlete na ng'ombe wa kuombea radhi. Na baba yake Tupokigwe ng'ombe angemtoa wapi? Alikuwa na mbuzi tu, tena mbuzi wenyewe wa kukonda.

Baba mkwe aliitwa Anania.

Alikuwa fundi mwashi, mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Lakini roho yake nzuri. Kila alipokaribia jikoni alikohoa, kikohozi cha makusudi, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Tupokigwe alimjua kwa kikohozi hicho na kwa viatu vyake alivyoviona chini ya ua wa matete. Uso hakuujua. Hata neno nanasi aliliacha, kwa vile linakaribiana na jina. Sokoni aliomba "lile tunda la miba", na muuzaji akamwonea huruma akidhani ametoka porini.

Siku moja Asukile akarudi kutoka Iringa, lori limejaa chumvi na mafuta ya taa, yeye mwenyewe kajaa furaha.

"Mke wangu, nimekuletea zawadi."

"Iko wapi?"

"Mdomoni."

Akaimba. Ulikuwa wimbo wa santuri, mpya, umevuma mji mzima wa Iringa. Kwenye hoteli ya chai ya Philbert, Mhehe mmoja karibu na soko, gramafoni iliupiga tangu asubuhi, na vijana walikuwa wakicheza huku wameshika vikombe.

Bibi ananiambia, ananiambia:
cheza ungali na magoti,
uzee una fimbo yake,
ujana hauna kiti.

Mwimbaji wa santuri alikuwa na mtindo wake, na Asukile aliuiga vizuri mno. Lile neno la "ananiambia" alilivuta, "Anania-a-a-a", akakaa hapo kama mtu aliyesahau njia, ndipo akamalizia kwa kishindo: "mbia!"

Kifuniko cha sufuria kikamponyoka Tupokigwe.

"Wee Asukile! Unajua unaimba nini?"

"Naimba bibi ananiambia."

"Usirudie! Hebu lisikilize hilo neno unavyolivuta."

Asukile akalisikiliza kichwani mwake. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ni mtoto wa kuzaa, mwiko haumhusu, cheko lake la bure. Tupokigwe hakucheka. Wimbo ulikwishamwingia, na alikuwa na uchungu. Alikuwa bado msichana. Mwaka mzima amekuwa akiinama, akijifunika, akipisha njia, na hakuna aliyewahi kumwambia acheze angali na magoti. Leo amepata wa kumwambia, na huyo wa kumwambia kambeba mkwe mgongoni! Loo, si uchokozi huo?

Alivumilia mpaka alipokwenda mtoni kufua. Huko ukamshinda. Akautoa, lakini neno lile akalibadili: "Bibi kasema, kasema-a-a." Wenzake wakaudaka. Wakaupeleka sokoni, wakaupeleka kisimani, watoto wakaupeleka shule. Haukupita muda Mbeya nzima inaimba "bibi kasema", na madereva wanaotoka Iringa wakisema wimbo umekosewa, wanaambiwa ninyi ndio mmeukosea, nendeni zenu na baridi yenu. Kana kwamba Mbeya hakuna baridi.

Mzee Anania naye aliusikia nyuma ya jiko. Asukile alimwona akitikisa kichwa taratibu kufuata mdundo, mwiko wa uashi mkononi. Tupokigwe alipoambiwa alifurahi kama mtoto. Alimpenda yule mzee, ingawa ungemwuliza Tupokigwe sura ya mzee ikoje, angekueleza viatu.

Wifi yake Ikupa, binti wa mwisho wa nyumba ile, alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno. Ikupa alikuja jikoni akamshika mabega.

"Wifi, siku yangu wewe ndiye utauongoza ule wimbo. Usipoimba, sitoki ndani, bwana harusi aoe kuta."

"Nitaimba, wifi yangu. Nitaimba mpaka ukuta uanguke."

Mambo yakawa hapo, yametulia, mpaka mzee alipotaka viatu vipya vya harusi. Akasema atakwenda Iringa na lori la mwanawe, kule kuna fundi viatu anayemwamini. Asukile akampakia. Walipofika, baridi imewauma, mzee akataka chai, na Asukile, akili za dereva zikiwa kwenye gurudumu, akamwingiza kwa Philbert bila kufikiri.

Ile santuri kwa wakati huo ilikuwa imepigwa hata ikachoka. Ilikuwa na mkwaruzo, tena mahali pabaya. Mzee Anania ameshika kikombe, hana hili wala lile, gramafoni ikaanza: "Bibi Anania-a-a…" Sindano ikakwama. "Anania-a-a… Anania-a-a… Anania-a-a…"

Mzee akaweka kikombe. Akavua kofia. Akasimama wima.

"Naam!"

Hoteli nzima ikageuka.

"Anania-a-a…"

"Naam, nipo hapa!"

Jamani, watu walicheka, wengine chai ikawatoka puani. Philbert akakimbia kusogeza sindano, akaja kumwomba mzee radhi, akamweleza kwamba ni mashine tu, haimwiti mtu. Mzee hakukasirika. Alikaa, akauliza kama mashine inaweza kurudia. Ikarudia. Akaagiza chai nyingine ili apate sababu ya kukaa, ikarudia tena, na Asukile alikaa pembeni jasho linamtoka pamoja na baridi yote ile.

Njia nzima kurudi Mbeya mzee hakusema kitu. Walipita Makambako, hajasema. Walipokaribia mlima wao ndipo akauliza:

"Huu ndio ule wimbo wa mke wako?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akakohoa, basi.

Asukile alimsimulia mkewe yote hayo akiwa hana hata chembe ya kicheko. Tupokigwe akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Nimekwisha," alisema. "Atadhani muda wote huu nimekuwa nikimwimba akiwa hayupo, nikimchezea jina lake na wanawake wa mtoni. Atanirudisha kwetu, Asukile."

"Mbona wewe unasema kasema?"

"Atadhani nasema kasema akiwapo tu, mtoni namtaja. Nani atamwambia? Wewe? Atasema unamtetea mkeo, na mimi siwezi kumsemesha!"

Ni kweli. Kosa hakulitenda, na mtu wa pekee anayetakiwa kulijua hilo ndiye asiyeweza kuzungumza naye. Akaacha kuimba. Kiwanja kikapoa. Mama mkwe akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Na lililomtisha zaidi ni viatu. Viatu vipya vya Iringa, vya rangi ya udongo, vilianza kuja na kusimama nyuma ya ua wa jiko. Havikuwa vikipita. Vilisimama, vikangoja, naye ndani akabana pumzi akijiambia ananivizia, anataka anikamate na neno mdomoni. Kisha viatu vikaondoka polepole.

Siku ya harusi ikafika. Walipotoka kanisani, watu wakakaa uwanjani, wanaume upande huu wa ua wa matete, wanawake upande ule, ndizi na nyama zikapita, vigelegele vikapigwa. Ikupa, na shela yake, akasimama mlangoni akagoma.

"Nimesema sitoki bila wimbo wangu!"

Watu wote wakamtazama Tupokigwe. Afanyeje? Akaimba. Alianza kwa sauti ndogo, mikono imeshikana, na lilipofika neno lile alilishika kama mtu anayepita na yai kwenye tope: "Bibi kasema, kasema-a-a…" Wanawake wakapokea, miguu ikaanza kupiga chini, Ikupa akatoka.

Ndipo upande wa pili wa ua mtu akakohoa.

Kikohozi kile hakuna asiyekijua. Wimbo ukakatika, vigelegele vikafa. Tupokigwe akajifunika khanga.

"Ikupa," alisema mzee Anania kutoka upande wa wanaume.

"Naam, baba."

"Mwambie mke wa kaka yako wimbo anaukosea."

Mdogo wake mzee, Mika, mtu wa kushika mila kwa meno, akaruka. "Kaka! Unataka nini? Ule wimbo una jina lako. Ni mwiko!"

"Mika, wewe nani anakuita jina lako?"

"Watu wananiita."

"Watu gani? Mkeo anakuita baba wa watoto. Wakwe zako wanakukimbia. Kanisani tunaitwa wazee. Mimi mama yangu aliniita akiwa bondeni, jioni, chakula kimeiva. Aliniita hivyohivyo, anavuta, Anania-a-a, mpaka nisikie niliko na ng'ombe. Tangu tumzike mama, hakuna mwanamke aliyeniita tena jina langu. Hakuna hata mmoja. Nimekuja kulisikia Iringa, ukubwani, kwenye mashine ya Mhehe. Nikaitikia, nikachekwa, na nikaagiza chai nisiyoitaka ili nilisikie tena." "Nimekuwa nasimama pale jikoni kila siku nikingoja mtoto huyu aimbe, labda atajisahau kidogo limtoke. Halimtoki. Ana adabu kuliko sisi wote. Jina ni langu, na mimi nimelitoa. Ikupa, mwambie alitie."

Mika akakaa.

Ikupa hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Tupokigwe alikuwa analia ndani ya khanga. Alikumbuka vile viatu vya rangi ya udongo vilivyokuja kungoja na kuondoka mikono mitupu, naye ndani amebana pumzi kwa hofu. Akageuza mgongo kuuelekea ua, maana adabu haikuisha, akavuta pumzi.

"Bibi Anania-a-a-a…"

Akakwama hapo. Kilio kikamkatiza, na jina likabaki hewani peke yake, limevutwa, kama linaita mtu bondeni aje kula.

"Naam!" akaitika mzee kutoka upande wa pili.

"Mbia!" uwanja mzima ukamalizia kwa mpigo, na vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka mjini. Ikupa alicheza mpaka shela ikaanguka. Wanasema hata Mika alionekana akitikisa bega, ingawa mwenyewe alikana mpaka alipozeeka.

Tupokigwe alikaa kwenye kiwanja kile miaka mingi, akazaa, akawa mkubwa wa sauti ya kwanza kanisani. Uso wa mkwe wake hakuutazama. Mila ni mila, na mzee mwenyewe asingependa. Bado akimsikia anakuja alijifunika na kuingia migombani. Ila kikohozi kiliisha. Mzee Anania akikaribia jikoni alianza kuimba kwa sauti yake ya kukwaruza, "Bibi Anania-a-a-a", akasimama hapo, akangoja. Na kutoka ndani ya migomba, pasipoonekana mtu, sauti ikamjibu: "mbia!" Ndipo anapita.