Siku Baba Alipolinusa Jeneza

Nikisikia redioni kwamba mtumishi wa serikali akifichua maovu ya kazini sheria itamlinda, hucheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Baba yangu alifichua maovu wakati wa Mwingereza, na sheria pekee iliyomlinda ilikuwa utani. Nayo ilimlinda kwa siku moja tu.

Alikuwa mlinzi wa msitu wa Serikali juu ya Lushoto. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mtu wa joto, akapanda milimani, akaoa Msambaa, kisha akaanza kuilalamikia baridi, kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko ile ya Serikali. Aliajiriwa kukamata wanaokata miti bila kibali. Kwa kweli aliokuwa akiwakamata ni kina mama wenye mizigo ya kuni kichwani, na baadhi yao walikuwa shangazi za mama. Wakija kututembelea nyumbani, palikuwa hapakaliki.

Mkuu wake, Msambaa wa Mlalo, alikuwa na tabasamu zuri na wapasua mbao wake mwenyewe. Huko ndani kabisa ya msitu baba aliikuta mikulo imeangushwa, ile miti mikubwa yenye harufu kali, na mbao zinashushwa kwa mkuu. Sasa afanyeje? Kanuni za kazi zilisema mwenye malalamiko ayapeleke juu kupitia kwa mkuu wake. Baba alikuwa mtu wa kanuni. Akaenda, akamshtaki mkuu kwa mkuu.

Mkuu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama amewahi kufika Mnazi. "Kule chini kuna joto," akasema. "Na walinzi hawatoshi."

Mama aliposikia hayo, alimwambia baba, "Ukipelekwa Mnazi, chukua mkeka wako. Mimi na viazi vyangu tunabaki." Alisema akicheka. Lakini mama yake mzazi alikaa mteremko wa pili tu, na shamba lile alilifungua kwa mikono yake. Nilimwona anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Baba akaliacha shauri hilo. Kazini alimwogopa mkuu kama tulivyomwogopa wote. Nje ya kazi, hata hivyo, walikuwa watani, Mzigua na Msambaa, na wakikutana sokoni walitukanana kwa raha zote. Mtani husema lolote, hasa msibani, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

Basi baba yake mkuu akafariki. Tulikwenda Mlalo kuzika. Hata Bwana Miti, Mzungu wa misitu, alikuja, kofia mkononi. Jeneza lilipotolewa, baba alijilaza njiani kwa urefu wake wote, akasema hapiti mtu. Akapewa kuku ili awapishe. Akamkataa, eti amekonda kama wafiwa. Watu wakaanza kucheka. Ndipo akainuka, akasogeza pua kwenye jeneza, akanusa, akanusa tena.

"Jamani! Marehemu ananukia msitu wa Serikali! Mzee, kibali unacho? Huko uendako kuna walinzi wakali kuliko mimi!"

Kina mama wa kuni walicheka mpaka khanga zikawadondoka. Mchungaji alikohoa, akafunika mdomo kwa Biblia. Mkuu naye alicheka, angefanyaje? Bwana Miti, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, alicheka pamoja nasi, kisha akaacha kucheka, akasogea kulitazama jeneza kwa karibu.

Kesho yake akamwita baba ofisini. Ofisini hakuna watani. Mama alimsihi aseme alikuwa anatania tu, arudi nyumbani, mambo yaishe. Baba akakubali, na naamini aliondoka akiwa na nia hiyo hiyo. Lakini Bwana Miti alipomwuliza kama lile neno la mazikoni lilikuwa kweli au mzaha, baba alijibu, "Kweli, bwana," akaeleza mbao zilipofichwa. Aliporudi alikuwa anatetemeka, na safari hii hakusingizia baridi.

Mkuu akavuliwa ukuu. Baba akapewa mkono na sifa nyingi. Halafu akaambiwa kwamba, ili asidhuriwe na ndugu wa mkuu, Serikali imeona imlinde: inamhamishia Mnazi. Mama alicheka sana kwa ulinzi huo. Alipomaliza kucheka akalia, akaenda kung'oa viazi vyake vikiwa bado vidogo.

Siku ya kuhama, mkuu wa zamani alipita wakati tunafunga mizigo. Uso wa baba ukachangamka.

"Mtani!" akaita. "Njoo uchukue baridi yenu, nisije nikaitwa mwizi!"

Akangoja atukanwe. Alitega sikio kabisa, anatabasamu, tayari kujibu. Yule bwana alisimama, akavua kofia.

"Safari njema," akasema kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni, akashika njia yake.

Baba alibaki na kamba mkononi, anamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Mama akamwambia akaze fundo, jua linapanda. Hakusikia.

"Hakunitukana," akasema. "Hata kidogo."