Harusi ya Mapatano

Mwaka ule wa 1819, wazungu wa Virginia walikuwa wakisema ugomvi umekwisha, vyama vimekufa, taifa ni moja. Sisi watumwa wa jikoni kwa Kanali Pendarvis tuliyasikia hayo kila tulipopeleka sahani mezani.

Mpishi mkuu alikuwa Tamar. Mumewe, Cato, alikuwa mtumwa wa Jaji Maddox, ng'ambo ya kijito. Kanali na Jaji walikuwa mahasimu wa siasa tangu vita vya 1812 na Waingereza, basi Cato alinyimwa kibali cha kuvuka. Mume na mke walionana kwa kuibia usiku, penye ua wa shamba.

Mabwana walipopatana, na mtoto wa Jaji akamposa binti wa Kanali, Tamar aliimba kutwa nzima.

"Sasa mume wangu atakuja mchana kweupe!"

"Utamchoka, shoga," nikamtania. "Mwanamume mtamu ni wa kuibia."

"Nyamaza, mwenye wivu mkubwa we!" Akanirushia unga usoni.

Cato akaja kweli, kibali mkononi. Akala na mkewe na binti yao, Sukey, kama watu wengine.

Harusi ilipokaribia, Bibi, mke wa Kanali, akaingia jikoni. Maharusi watahamia Missouri, akasema, na Sukey atatolewa zawadi kwa bibi harusi.

Tamar akapiga magoti. "Bibi, sina mwingine. Ndugu zake wote nimewazika."

"Usinitie simanzi siku za furaha, Tamar. Mimi nami si natoa binti?"

"Wako atarudi kukuamkia, Bibi. Wangu je?"

Bibi akageuka akatoka.

Siku ya karamu Kanali aliinua glasi. "Leo hakuna wao, hakuna sisi. Sote ni nyumba moja!"

Tamar alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la nyama. "Basi na mwanangu ni wa nyumba hiyo, Bwana. Muacheni."

Jaji akaangua kicheko, Kanali akafuatia, meza nzima ikacheka. Sikuwahi kuwaona wale wawili wakicheka pamoja namna ile.

Alfajiri Tamar alipelekwa shamba la tumbaku. Hakuachwa hata kumuaga mtoto. Alisikia magurudumu ya gari lililomchukua tu. Cato alilikimbilia gari mpaka kivukoni, akarudi, akakaa chini.

Kila Jumamosi aliendelea kuja kwa Tamar. Wakawa wanakaa pamoja, kila mmoja akiona sura ya Sukey usoni mwa mwenzake. Mwishowe Cato akaacha kuja, ingawa kibali alikuwa nacho.

Kipupwe kilichofuata, Mjomba Isham, mwendesha gari la Kanali, alitujia na habari kwenye banda la tumbaku, nami nilikuwa nimetumwa huko kusaidia. Wakubwa wa kaskazini na wa kusini wanagombana kuhusu Missouri, utumwa uwepo huko au usiwepo.

"Wanasema umoja unavunjika," akasema.

Tamar hakuinua macho kutoka kwenye majani aliyokuwa akiyachambua. "Wamesema kama kule kuna baridi?"

"Hapana, dada. Hilo hawakulitaja."

"Aliondoka na shali jepesi," Tamar akasema.

Tamar alikufa majira ya kupandikiza miche ya tumbaku. Habari za Sukey hazikutufikia kamwe, na sidhani kama za mama yake zilimfikia yeye.