Sapu ya Recheli

Recheli, binti Zablon wa kule Usoke, hakuwa mjinga, na anayesema alikuwa mjinga aje aseme mbele ya watu. Sekondari alifaulu vizuri tu. Lakini alipoingia chuo kikuu hapa Tabora, somo la kwanza la uhasibu likamkaba koo.

Ni hesabu za pande mbili, kushoto na kulia. Ukimaliza unajumlisha, na pande zote sharti zitoke sawa. Za Recheli hazitoki. Mtihani akaanguka. Akapewa wa marudio, wenyewe wanauita sapu, na akaambiwa wazi: ukianguka na huu, chuo ndiyo basi.

Alipanga chumba Gongoni na mwenzake, Maua, Mzaramo, kwa hiyo mtani wake.

"We Mnyamwezi," Maua akamwambia, "babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwetu, wewe karatasi moja inakulemea?"

"Walibeba wao, wenu wamekaa wanangoja. Ndiyo maana mmebaki na maneno."

Wakacheka. Kisha Maua akaacha mzaha. "Sikiliza, Recheli. Pande zikigoma kulingana, ruka. Fanya maswali mengine."

"Nitaruka."

Angeruka vipi, mtoto wa nyumba ya tumbaku? Kwao robota la tumbaku halifungwi mpaka lile jani bovu lipatikane, kwa sababu mteuzi, yule anayepanga madaraja sokoni, akilikuta hilo moja tu, analikataa robota zima. Recheli amekua akipekua majani, akipigwa vidole kwa kuharakisha.

Basi siku ya sapu, swali la kwanza kabisa, kulia kukazidi kushoto. Kidogo tu! Akajiambia ruka, mkono ukakataa. Akarudi juu, akapekua mstari kwa mstari. Wenzake wanafunua kurasa, yeye yuko palepale. Akafuta, akaandika upya, ndiyo kwanza pengo likapanuka. Akapekua tena. Mwisho akaliona: kodi ya duka ameiweka upande wa mapato. Akaihamisha, pande zikalingana. Raha iliyomwingia, we acha! Akainua uso, msimamizi kasimama mbele yake.

"Weka kalamu chini, dada."

Maswali manne hakuyagusa.

Matokeo yalikuja kwenye simu: ameanguka tena. Maua alisoma, akafungua mdomo, utani ukamgomea.

"Nenda nyumbani ukawaambie," akasema hatimaye.

"Nikawaambie nini? Kanisani wamenisimamisha mbele, wakaniombea. Baba ametembea Usoke nzima akisema binti yake mhasibu."

"Utakaa humu mpaka lini?"



Muhula mpya ukafunguliwa. Asubuhi Maua alitoka na mkoba wake, Recheli akabaki amekaa kitandani, amevaa viatu kabisa, hana pa kwenda. Simu ikaita. Mama yake.

"Mwangaluka, mayu," Recheli akaamkia kwa Kinyamwezi chao.

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona sauti ndogo hivyo? Unaumwa?"

"Niko darasani, mama." Alinong'ona hasa, kiganja kimeziba mdomo, na chumba kizima hakuna mtu.

"Ooh! Mwalimu yupo?"

"Yupo. Anafundisha."

"Haya, haya, nisikuharibie masomo. Msikilize mwalimu, mwanangu. Baba yako anakusalimu sana."

Mama akakata. Recheli akaendelea kuishika simu sikioni, mdomo bado ameuziba.