Rafu ya Robo Tatu

Kabati letu nililichora kabla hatujapata chumba cha kuliweka. Mke wangu ni muuguzi, kapangiwa kazi Butiama. Mimi karakana yangu iko Kabasa, Bunda, natengeneza makabati ya watu. Kila aliposema uhamisho wake wa kutuweka pamoja unakaribia, nilikwenda kutazama nyumba ya kupanga. Napatana bei na mwenye nyumba mpaka anachoka, napima ukuta mara mbili, kwa sababu kuta za kupanga hazinaga adabu, kisha narudi kwenye mchoro wangu wa kompyuta.

Mchoro ule niliupa namba mbili tu, upana na kimo. Vingine vyote niliviambia vijipange vyenyewe kufuata hizo. Ubao wa kati usimame kwenye theluthi ya upana, sehemu nyembamba iwe yangu, kwa kuwa mashati yangu ni machache na ugomvi siupendi. Rafu yake ya vitenge ikae kwenye robo tatu ya kimo. Nyumba ya Kabasa ikachukuliwa na mwingine. Nikaingiza vipimo vya ukuta wa nyumba ya Guta. Ya Guta ikawa mbali na maji. Nikaingiza ya Musoma, yenye dari ya juu kama kanisa. Kila mara mbao zilisogea zenyewe zikakaa sawa. Mchoro ulinizidi subira.

Jioni nilikuwa naufungua bila kazi yoyote. Natazama ile sehemu pana, tupu, naijaza kichwani: gauni lake la Jumapili, sare zake, kanga inayonukia sabuni yake. Halafu nazima, nasonga ugali wa mtu mmoja, ambao mpaka leo sijaupatia kipimo.

Mchoro wa Musoma nikamtumia kwenye simu. Akapiga, akauliza rafu yake iko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Nikamsomea.

"Fundi, hapo nafikaje? Mimi sirefuki kwa sababu dari yako imerefuka."

Nikamweleza kuwa ni uwiano, robo tatu ni robo tatu. Akasema basi nikaoe hiyo robo tatu.

Nilicheka, kisha nikakwama. Namba iliyotakiwa ni pale mkono wake unapoishia akiunyoosha, na sikuwa nayo. Nikasimama karakanani, nikainua mkono wangu, nikaushusha kidogo, nikaushusha tena, nikijaribu kukumbuka kichwa chake kinanifikia wapi. Begani? Chini ya bega?

Jumamosi nikaenda Butiama na futi ya kupimia. Akasimama ukutani chumbani kwake, akanyoosha mkono, nikaweka alama ya penseli. Nikapima tena. Alipouliza kwa nini narudia, nikasema ndivyo tunavyofanya kazi. Mkono ungali juu, akaniambia uhamisho umekataliwa, kajua juzi.

"Umepima nyumba za watu wote, baba," akasema. "Hapa kwangu hujapimaga."

Nilikuwa na majibu: karakana, mashine, wateja wa Bunda. Safari hii sikupatana bei. Nikampa ncha ya futi aishike kwenye kona, nikavuta mpaka kona ya pili.

Kabati limesimama Butiama. Rafu yake haifuati dari tena, inafuata mkono wake. Mimi nakwenda kila Jumamosi. Jumapili jioni hunisindikiza stendi, na njia nzima tunapatana kama nipande gari lililopo au linalofuata. Wiki iliyopita tuliacha mawili yakaondoka.